Mstari Mwekundu wa Profesa

Simu ililia mara moja, ikakatika, ikalia tena.

Ganzi aliichukua mezani bila haraka. Ilikuwa Nokia ndogo ya tochi, ya aina ambayo hata kibaka angeirudisha.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo huko kazini?"

"Sijambo."

"Basi ile nyumba ipakeni rangi leo. Mafundi wangu wameshafika."

"Leo hii?"

"Leo hii, kabla magari hayajatoka."

"Sawa. Na mdogo wangu?"



"Anapumua," Shangazi akasema, kisha akakata.

Aliyekuwa anasikiliza angedhani ni maneno ya ukoo tu, na ndivyo ilivyotakiwa. Shangazi hakuwa shangazi wa mtu. Alikuwa mkuu wa kitengo cha kazi za siri, mwanamke mnene mwenye miwani ya kamba shingoni, na kupaka rangi ilikuwa amri ambayo Ganzi alikuwa akiingojea tangu aajiriwe kwa jina la uongo, kama fundi wa kompyuta, katika ofisi ile ya ghorofani. Katika mazungumzo yote yale kitu cha kweli kilikuwa kimoja tu, yule mdogo wake.

Mdogo wake alikuwa dereva wa kitengo. Alipewa kazi ya kulifuata lori moja la kontena, aone linalala wapi, na wenye lori wakamshtukia. Risasi ilimwingia shingoni. Sasa alikuwa amelala wodi ya wagonjwa mahututi, mashine ikimpumulia.

Ganzi hakulia. Si kwamba alijikaza. Machozi hayakuja, basi. Alikuwa anakwenda kumwangalia, anakaa kwenye kiti cha plastiki, anatazama ule mpira unaoingia mdomoni mwa mdogo wake, na anajikuta anawaza kuwa tairi la nyuma la gari lake limekwisha. Alijua kwamba jambo hilo lingepaswa kumtisha. Halikumtisha. Wenzake wakaanza kumwita Ganzi, mwanzoni kwa utani, halafu jina likakaa.

Alipoomba kazi hii, Shangazi alimtazama usoni kwa muda mrefu, akaona hakuna kitu, akampa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi.

Ofisi ile ilikuwa ya wakala wa mizigo. Zulia la kijivu, mashine ya fotokopi inayonuka wino, kalenda ya kampuni ya matairi ukutani. Mwenyewe walimwita Tajiri. Kwenye makaratasi alikuwa anaingiza vipuri vya matrekta. Kwenye makontena alikuwa anaingiza bunduki za rashasha na vyombo vya kurushia roketi, mali ya watu wa nje waliotaka nchi iwake moto ili wao waje kuota. Makontena mawili ya namna hiyo yalikuwa yamekaa kwenye yadi, yamepakiwa juu ya malori ya Scania, na kilichobaki ni kulivuka geti.

Getini pana skana. Hakuna kontena linalotoka bila kumulikwa tumbo. Ila yadi ilikuwa na desturi yake: umeme ukikatika mchana, walinzi hunyanyua kizuizi kwa mkono na kuyaacha magari yenye karatasi safi yapite, maana foleni ikijaa huziba barabara nzima na mkuu wa yadi hutukanwa na kila mtu. Tajiri aliijua desturi hiyo vizuri kuliko walioianzisha.

Basi akamleta Profesa.

Profesa alitoka nje ya nchi na begi moja na kompyuta moja ya ThinkPad iliyochakaa pembeni. Alikuwa ameshaingia kwa siri kwenye mashine ya shirika la umeme, ile inayofungua na kufunga laini za mji. Akitaka, ataandika amri akiwa kwenye kiti chake, na upande mzima wa yadi utazimika.

Upande huohuo ndiko iliko hospitali aliyolazwa mdogo wa Ganzi. Na jenereta ya hospitali ilikuwa imefunguliwa, mafundi wanangoja kipuri. Tajiri aliambiwa hilo mezani, mchana kweupe, Ganzi akiwa chini ya meza hiyohiyo anabadilisha kebo.

"Kila kitu kina gharama yake," Tajiri akasema, akaomba chai.

Ganzi akiwa chini kule akakaza skrubu. Aliisikia sentensi ile kama mtu anavyosikia redio ya jirani.

Alipomweleza Shangazi, walizungumza kifupi.

"Tuwavamie leo," Ganzi alisema.

"Tukibisha hodi tu, Profesa anabonyeza. Na huko kwenye umeme wana mtu wao. Tukisema tuwaonye, taarifa inamfikia Tajiri kabla hatujaweka simu chini."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mwache abonyeze. Ila asibonyeze kitu."

Rahisi kusema ukiwa umekaa na miwani yako shingoni. Lakini Ganzi alikuwa fundi kweli, si wa kuigiza, na njia aliiona siku Profesa alipoaibika.

Profesa alifanya kazi zake zote kwenye dirisha jeusi, lile lisilo na picha wala vitufe. Unaandika amri, mashine inatii. Kabla ya kila amri, mashine hukuwekea kimstari kifupi mwanzoni, ishara kwamba inakungoja. Mafundi hukiita prompti. Unaweza kuifundisha prompti ikuambie mambo mengi: wewe ni nani, uko kwenye mashine ipi, uko kwenye folda gani. Ya Profesa haikusema chochote. Ilikuwa alama ya dola peke yake.

"Vibao ni vya watalii," alikuwa akisema. "Mimi najua nilipo."

Siku hiyo hakujua. Alikuwa na madirisha mawili yaliyofanana kama sare za shule, moja la mashine ya ofisini, yaani ThinkPad yake, jingine la ile ya mbali. Akaandika amri ya kuwasha upya, akiikusudia ya mbali. Mashine iliyozimika ilikuwa iliyo mbele yake, na wageni wa Tajiri wamesimama nyuma wanatazama. Mmoja wao akakohoa. Tajiri aliwasindikiza mpaka nje.

Kisha akamwita Ganzi.

"Dada fundi, mwekee huyu bwana vibao vya barabarani. Sitaki apotee tena."

Ganzi akaweka. Na hakulipua kazi. Alikaa na Profesa akamuuliza, kama anavyouliza fundi cherehani, unataka nini kiwe wapi. Akafungua faili la mipangilio, akaandika. Kwanza jina la mtumiaji, kisha jina la mashine, kisha folda, kisha saa. Amri iliyotangulia ikiwa imeshindikana, panatokea alama ya mkasi, ile X ya makosa. Halafu rangi. Mashine ya ofisini ikawa ya kijani:

profesa@ofisi

Ya shirika la umeme ikawa nyekundu, nyekundu ya kumshtua mtu:

profesa@gridi

"Mapambo ya harusi," Profesa alisema, na alikuwa na kinyongo.

Lakini binadamu ni mvivu. Zamani, kabla ya kuandika amri yoyote ya hatari, Profesa alikuwa na tabia ya kuiuliza mashine jina lake. Sasa jina lilikuwa palepale mbele ya macho, kwa rangi, bila kuuliza. Akaanza kuuliza mara mojamoja. Kisha akaacha kabisa. Alikuwa anatupa jicho tu, akiona kijani anaandika, akiona nyekundu anaandika kwa uangalifu zaidi.

Ganzi alimtazama akiacha. Jioni hiyo akampigia Shangazi kumwambia kwamba mgeni ameizoea nyumba.

Na leo ndiyo ilikuwa siku ya kupaka rangi.

Alichukua sanduku lake la vifaa, akapanga koili za waya juu ya bastola yake ya Beretta, akafunga. Kitu alichohitaji kukiingiza kwenye kompyuta ya Profesa kilikuwa kimeshaingia. Kipanya alichomletea wiki iliyopita kilikuwa na kumbukumbu tumboni. Kilikuwa kinachukua nakala za kila kitu, kidogokidogo, na kilikuwa kimeacha faili moja dogo ndani, limelala. Kilichobaki ni kuliamsha, kwa mstari mmoja, kwenye faili la mipangilio, kwa vidole vyake.

Kwa sababu hiyo, saa ya kwenye prompti ilikuwa inachelewa. Alikuwa ameichelewesha yeye.

"Dada," Profesa aliita, bila kugeuka. "Hii saa yako imelewa."

"Nipishe niirekebishe."

Hakumpisha. Alisogeza kiti kidogo tu, akabaki begani pake, pumzi yake ya kahawa ikimfika Ganzi shavuni. Ganzi alifungua faili. Akarekebisha saa. Akashuka chini kabisa, akaandika mstari mfupi: nukta, nafasi, jina la faili.

"Huo mstari wa mwisho ni wa nini?"

"Rangi. Ukiutoa, nyekundu yako inageuka waridi."

Profesa aliutazama ule mstari. Kidole chake kikasogea kuelekea kwenye skrini, kikasimama. Mtu mwingine hapo moyo ungepiga ngoma. Ganzi alisubiri kama anayesubiri maji yachemke, na ndani yake hakuna kilichosogea, akalitambua hilo akalichukia.

"Waridi hapana," Profesa akasema.

Ganzi akahifadhi, akafunga faili.

Tajiri aliingia muda si mrefu, redio ya Motorola mkononi, koti limevimba upande mmoja kwa Glock. Akafunga mlango kwa ufunguo. Ganzi alikuwa kwenye ngazi ndogo dirishani anavuta kebo darini, na hakuna aliyemwambia atoke. Fundi ni kama feni. Akiwepo anafanya kazi, basi.

"Gari la mbele," Tajiri akasema redioni.

"Nipo, bosi. Nina magari machache mbele yangu getini."

"La nyuma?"

"Nipo nyuma yake."

"Subirini neno." Akamgeukia Profesa. "Haya."

Profesa aliandika amri ya kuunganisha. Skrini ikatulia kidogo, kama inavyotulia mashine inapotafuta mwenzake wa mbali. Utulivu ule Ganzi aliutengeneza mwenyewe, akaupima mpaka ukafanana. Kisha mstari ukatokea, mwekundu.

profesa@gridi

Profesa alitupa jicho, akaridhika.

Hakuwa ameenda popote. Lile faili dogo lilikuwa limeimeza amri yake, likabadilisha rangi na jina, likamwacha alipo. Alikuwa kwenye kompyuta yake mwenyewe, amevishwa kibao cha mji wa watu. Akaiita programu yake ya kukata laini. Iliyoitika ilikuwa pacha ya uongo ya programu ile, iliyojua kitu kimoja tu, kuandika:

Laini ya yadi: imekatwa.

Laini ya barabara kuu: imekatwa.

Laini ya hospitali: imekatwa.

Ganzi aliisoma ile ya tatu akiwa juu ya ngazi. Aliiandika mwenyewe na alijua ni uongo. Hata hivyo mkono uliokuwa umeshika kebo uliteleza.

"Giza," Profesa akasema.

"Giza," Tajiri akasema redioni. "Songeni."

Ilikuwa mchana, jua kali, taa zote za mji hazina kazi. Dereva angejuaje?

"Futa nyayo," Tajiri akasema. "Futa kila kitu kilichoko huko. Sitaki wabakiwe hata na jina."

Profesa akaandika amri ya kufuta yote, ile fupi ambayo mafundi huiandika wakiwa wameshika roho. Akaangalia prompti. Nyekundu. Akabonyeza.

ThinkPad ikaanza kuvuma.

Funguo zake za siri zilikuwa humo. Nywila zilikuwa humo. Njia aliyoichimba kwa miezi kuifikia mashine ya umeme ilikuwa humo, na mahali pengine popote haikuwepo, maana Profesa hakumwamini mtu. Vyote vikaenda.

Redio ikakoroma.

"Bosi. Kizuizi kiko chini. Skana inafanya kazi, bosi, ina taa. Kuna askari wengi huku, wana..."

Ikakatika.

Tajiri aliitazama redio. Akamtazama Profesa. Profesa alikuwa ameshaanza kuandika, mara hii vidole vikigongana. Amri ya kwanza: haipatikani. Ya pili: haipatikani. Mkasi, mkasi, mkasi. Mwishowe akafanya lile ambalo hakulifanya siku nyingi. Aliiuliza mashine jina lake.

Mashine ikajibu, chini ya mstari mwekundu:

ofisi

Profesa akageuka polepole kumtazama mwanamke aliye juu ya ngazi.

Ganzi alikuwa ameshashuka.

Alikipiga teke kiti cha Profesa, kiti cha magurudumu, kikaenda na mwenyewe mpaka kwenye magoti ya Tajiri. Glock ikalia. Risasi ikaingia kwenye dari na vumbi la jasi likawanyeshea. Kabla Tajiri hajasimama sawasawa, koili za waya zilikuwa sakafuni na mdomo wa Beretta ulikuwa nyuma ya sikio lake.

"Iweke chini."

Akaiweka.

"Wewe ni nani?"

"Fundi."

Mlango ukavunjwa kutoka nje. Vijana wa kitengo wakajaa chumbani, fulana za kuzuia risasi, pingu, sauti nyingi. Profesa alibaki amekaa sakafuni, vumbi jeupe kichwani, macho kwenye skrini.

"Lakini ilikuwa nyekundu," alisema.

Ganzi alichomoa kipanya, akakitia mfukoni, akatoka kwenye varanda akapiga simu.

"Nyumba imepakwa, Shangazi."

"Nimesikia. Magari yote mawili tunayo, na yule mtu wa shirika la umeme amekamatwa mezani kwake."

"Umeme wa hospitali?"

"Haukucheza hata kidogo."

"Mdogo wangu?"

"Njoo," Shangazi akasema. "Nipo hapa hospitali. Nakungoja."

Ganzi aliendesha Hilux ya kitengo katikati ya mji uliokuwa na habari zake. Saluni imewasha feni. Mtu anachomelea geti, cheche zinaruka. Taa za barabarani zinabadilika kama kawaida, na yeye akasimama kwenye nyekundu kama watu wengine.

Wodini, kwenye kitanda cha mdogo wake, alikuwa amelala mama mmoja ambaye hakumfahamu. Ile mashine ilikuwa ileile, ina mkwaruzo uleule ubavuni, na ilikuwa inampumulia yule mama. Kifua kinapanda, kifua kinashuka. Binti yake alikuwa ameinama anampaka mafuta miguuni.

"Samahani," Ganzi alimwambia muuguzi. "Aliyekuwa hapa."

Muuguzi alimtazama, kisha akatazama korido. Shangazi alikuwa amekaa kwenye benchi kule, mkoba mapajani, miwani imening'inia. Alionekana mzee kuliko siku zote.

Ganzi akaenda akakaa kando yake.

"Lini?"

"Asubuhi. Kulipopambazuka."

"Nilipokuuliza asubuhi ulisema anapumua."

"Nilisema."

Mtu alipita akisukuma kitoroli cha mashuka. Wakamwacha apite.

"Ulidhani nikijua nitashindwa kazi," Ganzi akasema. Hakuwa na hasira. Alikuwa anataka tu kuelewa mpango ulivyokuwa.

"Hapana." Shangazi aliivua ile miwani shingoni, akaanza kuifuta kwa kanga ya ndani ya mkoba, ingawa haikuwa chafu. "Ungemaliza vilevile. Ningekuambia, ungesema sawa, ungepanda ngazi yako, ungevuta kebo zako. Ninakujua. Hilo ndilo lililonishinda."

"Sasa kwa nini?"

"Nilitaka mtu mmoja leo afanye kazi hii akiwa na ndugu wa kumwokoa. Siyo kwa ajili ya nchi. Uwe na mdogo wako hadi mchana, mwanangu. Sikuwa na kitu kingine cha kukupa."

Ganzi aliikumbuka ile laini ya tatu, na mkono wake ulivyoteleza kwenye kebo. Alikuwa amemwogopea. Kwa sekunde ile moja, juu ya ngazi, alimwogopea mdogo wake kama dada yeyote anavyomwogopea ndugu yake, na mdogo wake alikuwa ameshakufa, na woga wenyewe ulikuwa wa kweli. Machozi yakaja. Yaliuma. Aliinamisha kichwa, akayaacha yashuke.

Shangazi hakumgusa.

Baada ya muda Ganzi alijipangusa uso kwa mkono wa ovaroli, akasimama, akaweka kipanya kwenye benchi.

"Nakala zote zimo humo."

"Sawa."

"Chumba cha maiti kiko wapi?"

"Nyuma ya duka la dawa. Nikusindikize?"

"Hapana, Shangazi. Mimi ndiye mkubwa wake."

Akashuka ngazi, mikono mfukoni, mwendo wake uleule, akapita kwenye duka la dawa, akagonga mlango.